Sindano ya goti kabla ya mvua: inasaidia wapi, inaumiza wapi

Novemba ikikaribia, mkulima wa Rungwe au Njombe, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mwenye goti lililosagika hana miezi mitatu ya kusubiri mazoezi yalete nafuu. Mahindi yanataka kupandwa, viazi vinataka matuta, na shamba lenyewe liko mteremkoni. Ndiyo maana sindano ya goti inapendwa: leo unachomwa, wiki ijayo unashika jembe. Wataalamu wa mazoezi tiba wengi hawaifurahii. Kila upande una hoja zake, ila hazilingani uzito.

Kwanza turekebishe kauli inayosikika sana, kwamba goti linauma kwa sababu "ute umeisha". Goti lililosagika mara nyingi huwa na maji mengi kuliko kawaida, ndiyo maana linavimba. Kinacholika ni gegedu, ule utando mgumu wenye utelezi unaofunika ncha za mifupa. Gegedu halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo lenyewe haliumi. Maumivu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye ngozi laini ya ndani ya kiungo, na kwenye misuli iliyochoka. Kwa sababu hiyo mtu mwenye eksirei mbaya anaweza kuwa anapanda milima ya Uporoto bila shida, na mwenye eksirei nzuri akashindwa kuinuka kitini. Baridi nayo husingiziwa sana. Inaweza kukaza goti na kuongeza maumivu, lakini haisagi gegedu. Kyela kuna joto na magoti yanasagika vilevile.

Sasa sindano. Inayotumika sana ni steroidi, kwa mfano triamsinoloni miligramu 40, na huchomwa ndani ya kiungo chenyewe. Hutuliza uvimbe ndani ya siku chache, na nafuu hudumu wiki kadhaa. Wanaoitetea wana hoja nzito: mzee mwenye presha anayemeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku kwa msimu mzima anahatarisha tumbo, figo na moyo wake kuliko anayechomwa mara moja. Na kama goti limevimba kiasi kwamba halikunjiki, kumwambia mtu afanye mazoezi ni kumtesa.

Tatizo huanza sindano inapogeuka desturi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu 140 kwa miaka 2. Nusu walichomwa triamsinoloni kila baada ya wiki 12, nusu maji ya chumvi. Mwishoni hakukuwa na tofauti kubwa ya maumivu kati ya makundi hayo mawili, lakini gegedu la waliochomwa steroidi lilikuwa limepungua zaidi: milimita 0.21 dhidi ya 0.10. Utafiti mwingine wa mwaka 2020, wa wagonjwa 156, ulilinganisha sindano na mazoezi tiba. Baada ya mwaka mmoja, waliofanya mazoezi walikuwa na maumivu kidogo na walitembea vizuri zaidi.

Watetezi wa sindano watajibu kwamba wagonjwa wale wa utafiti walikuwa na mtaalamu karibu, wakati mtu wa Makete hulipa nauli kubwa kumfikia. Ni kweli, na ni dhuluma inayostahili kusemwa. Lakini mazoezi yenye faida kubwa hayahitaji mashine. Tafuta kiti kigumu chenye urefu wa sentimita 45 hadi 50, si kigoda, maana kigoda hulikunja goti mno. Kunja mikono kifuani, simama, kisha keti polepole kwa sekunde 3 au 4. Fanya mara 8 hadi 10, pumzika, rudia mpaka mizunguko 3, siku 3 kwa wiki. Ukishindwa, weka blanketi lililokunjwa juu ya kiti. Zoezi la pili: lala chali, kunja mguu mmoja, nyoosha mwingine na uuinue sentimita 20 hivi, shikilia sekunde 5, mara 10.

Wengi huacha wiki ya pili kwa sababu goti limeuma, wakidhani linaharibika. Maumivu yasiyozidi 5 kati ya 10 (0 ni hakuna, 10 ni makali kupita yote), yanayotulia kufikia kesho yake, si dalili ya kuharibika. Yakizidi hapo, punguza idadi kwa nusu, usiache. Nguvu ya msuli wa mbele ya paja kwa kawaida huonekana wazi baada ya wiki 6 hadi 12.

Mzigo nao una hesabu yake. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20 za ziada mwilini, na kushuka mteremko huligandamiza kuliko kupanda, hivyo beba lita 10 mara mbili. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, usiouma, kishikio kikifika usawa wa kifundo cha mkono, pale mkono unapokutana na kiganja. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo 1 inayopungua mwilini hupunguza takriban kilo 4 kwenye goti kwa kila hatua.

Kwa hiyo ningeikubali sindano kwa goti lililovimba, mara moja kabla ya msimu, mazoezi yakianza ndani ya wiki mbili zinazofuata. Bila hayo mazoezi, siioni faida yake. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda siku kadhaa. Na katika mikoa yetu, ambako maambukizi ya VVU ni ya juu kuliko sehemu nyingi za nchi, kuna jambo linalosahaulika: mtu anayetumia ARV zenye ritonaviri lazima aseme kabla ya kuchomwa, kwani dawa hiyo huizuia triamsinoloni kutoka mwilini, uso ukavimba, sukari na presha zikapanda kwa wiki nyingi. Anayeona aibu kusema mbele za watu aombe kuzungumza na daktari faragha.

Goti lenye joto kali, jekundu, na homa lisichomwe steroidi kabisa. Huenda lina usaha, na ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Na aliyeshauriwa kubadilishiwa goti kwa upasuaji asichomwe ndani ya miezi 3 kabla ya operesheni, maana hatari ya maambukizi huongezeka.