Kanuni mpya ya mapato 2027: kazi inaanzia kwa muuzaji, siyo kwa mhasibu

Kuanzia tarehe 1 Januari 2027, kampuni ndogo na za kati zinazotumia kiwango cha kimataifa cha hesabu kilichotungwa kwa ajili yao, IFRS for SMEs, zitatakiwa kufuata toleo lake la tatu lililotoka Februari 2025. Sehemu ya 23, inayohusu mapato, imeandikwa upya. Kampuni kubwa, benki na kampuni zilizo soko la hisa zimeizoea kanuni ya aina hii tangu 2018 kupitia IFRS 15, kiwango cha mapato cha kampuni kubwa. Sasa zamu imewafikia wauza pembejeo wa Mbeya, wenye maghala ya parachichi Njombe na Rungwe, wenye viwanda vya mbao Mafinga na wasafirishaji wa njia ya Tunduma.

Kanuni yenyewe inapita hatua tano: tambua mkataba, tambua ulichoahidi ndani yake, jua bei, igawe bei hiyo kwa kila ahadi, kisha ingiza mapato kadiri unavyotimiza ahadi moja moja. Pesa kuingia benki hakutoshi, na ankara kutoka hakutoshi.

Wanaoilalamikia wana hoja. Kampuni nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini zina mhasibu mmoja, na ndiye huyohuyo anayepeleka ritani za VAT, anayelipa mishahara na anayefuatilia wadaiwa. Kumwongezea kazi ya kuchambua kila mkataba ni gharama, na mshauri wa kutoka Dar es Salaam hatakuja kwa nauli tu. Tena kwa duka linalouza mbolea na mbegu kaunta kwa kaunta, mteja akalipa na kubeba mfuko wake, hakuna kitakachobadilika. Duka la namna hiyo likilipia semina ya siku tatu kuhusu hatua tano, pesa imepotea.

Ila tazama duka linalouza pawatila, yaani trekta dogo la kusukuma kwa mkono, kwa wakulima wa mpunga wa Mbarali. Tuseme pawatila peke yake ni shilingi 9,500,000, na sevisi moja ukiinunua kando ni 250,000. Muuzaji, ili ashinde bei ya jirani, anatoa pawatila pamoja na sevisi mbili kwa 9,500,000 ileile. Leo kampuni nyingi zitaingiza 9,500,000 yote siku ya mauzo. Kwa kanuni mpya, thamani ya vyote ni milioni 10, kwa hiyo kila kitu kinachukua asilimia 95 ya bei yake: pawatila 9,025,000, sevisi mbili 475,000. Hizo 475,000 zinabaki kuwa deni kwa mteja hadi fundi aende Igurusi au Rujewa akafanye kazi. Duka likiuza pawatila 40 Novemba na Desemba, wakati wakulima wanajiandaa kwa msimu, shilingi milioni 19 zitahamia mwaka unaofuata iwapo hakuna sevisi iliyofanyika kabla ya mwaka kufungwa.

Mwenye kampuni atasema ameporwa faida yake. Mimi naona ameoneshwa deni alilokuwa nalo siku zote. Mafuta ya pikipiki ya fundi, oili, filta na posho vilikuwa vinakuja Februari na Machi, na kila mwaka vilionekana kama hasara ya ghafla.

Ugumu wenyewe uko hapa, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini unatuhusu sana: ahadi zetu nyingi haziko kwenye karatasi. Kanuni inasema wazi kwamba mkataba unaweza kuwa wa maandishi, wa mdomo, au wa mazoea ya biashara. Muuzaji akimwambia mteja, “Ikisumbua nipigie tu, fundi atakuja,” na kweli fundi amekuwa akienda miaka yote bila malipo, mteja ana haki ya kuitegemea huduma hiyo. Kama fundi anakwenda kurekebisha kasoro iliyotoka nayo kiwandani, hiyo ni dhamana ya kawaida na inatengewa gharama. Kama anakwenda kufanya matengenezo ambayo mwingine angeyalipia, hiyo ni huduma iliyouzwa, na sehemu ya bei ni yake. Mhasibu aliyekaa ofisini hawezi kulijua hilo. Anayelijua ni kijana wa mauzo.

Ndiyo maana nasema maandalizi yaanzie kwenye mauzo. Kabla ya kununua programu mpya ya hesabu, kaeni na wauzaji na mafundi, mwandike kila kinachoahidiwa na kila kinachotolewa bure, kisha mwamue kipi kiendelee na kipi kikome. Kazi hiyo inahitaji daftari na uvumilivu, na mhasibu mmoja anaimudu.

Wengine hudhani kanuni hii kazi yake ni kuchelewesha mapato tu. Sivyo. Msafirishaji ambaye lori lake limebeba mzigo wa Lubumbashi kutoka bandari ya Dar es Salaam, na tarehe 31 Desemba limekwama kwenye foleni Tunduma, huenda alizoea kusubiri hati ya kupokelewa mzigo ndipo aingize mapato. Lakini lori jingine likichukua mzigo huo Tunduma, halitarudi Dar kuanza upya. Kazi ya njia nzima hadi mpakani imeshafanyika, na mapato ya sehemu hiyo ni ya mwaka unaoisha. Kwa parachichi mambo ni mengine: mnunuzi wa Ulaya anapolipa kwa bei itakayojulikana baada ya kuuza, mwenye ghala aingize kiasi ambacho hakitegemewi kuja kurudishwa, siyo bei anayoiombea.

Kodi ndipo wakosoaji wanaponishawishi zaidi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaitaka kampuni ihesabu mapato pale inapostahili kulipwa, na kwa bidhaa zinazotozwa VAT, risiti ya EFD, mashine ya risiti za kielektroniki, ikishatoka kodi inadaiwa kwa bei yote. Hivyo kampuni inaweza kulipia kodi mapato ambayo vitabu vyake havijayatambua. Mhasibu atalazimika kubeba hesabu mbili na kueleza tofauti zake mbele ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Huo ni mzigo halisi, na kwa kampuni yenye ahadi nyingi zinazovuka mwaka ni mkubwa.

Hata hivyo kusubiri hakuupunguzi. Hesabu za mwaka unaoishia Desemba 2027 zitawekwa kando ya zile za 2026. Kiwango kinatoa nafuu: mikataba iliyokuwa ikiendelea siku ya kuanza inaweza kumaliziwa kwa utaratibu wa zamani. Anayesambaza nguzo kwa mkataba wa miaka mitatu atafaidika nayo, ila asipoifafanua, faida ya 2026 na ya 2027 itaonekana kuyumba bila sababu. Afisa mikopo wa benki hatasoma maelezo ya chini ya ukurasa. Ataona faida imeshuka na uwiano wa deni umepanda, na masharti ya mkopo yatakuwa yamevunjwa kwenye karatasi ilhali biashara iko palepale. Mwenye mkopo apeleke benki hesabu za 2026 kwa njia zote mbili, ya zamani na mpya, mapema, kabla mkataba wa mkopo haujafika kuhuishwa, na aombe masharti yaandikwe kwa kanuni mpya.