Okidi ya dukani isiyo na jina: soma majani kabla ya ua

Ukinunua okidi Mwanza, iwe supamaketi au kwenye kitalu cha kando ya barabara, ukamuuliza muuzaji inaitwaje, mara nyingi jibu ni moja: "Ni okidi tu, dada." Jibu hilo halitoshi, na linaua mimea. Familia ya okidi ina spishi zaidi ya 25,000. Kuambiwa umenunua okidi ni kama kuambiwa umenunua mnyama bila kuelezwa kama ni mbuzi au sato. Mmoja ukimtia majini anakufa, mwingine ukimtoa majini anakufa.

Wanunuzi nao tuna kosa letu. Mtu akikosa jina anapiga ua picha, anaiingiza kwenye programu ya simu, programu inamletea "Phalaenopsis amabilis", naye anaandika hivyo kwenye chungu kana kwamba amenakili cheti cha kuzaliwa. Baadaye anamgawia jirani chipukizi, na jina linakwenda nalo. Mimi naona jina la kubuni ni baya kuliko kukosa jina. Aliyekosa jina anaendelea kuchunguza. Mwenye jina la uongo ameshaacha.

Kwa okidi isiyo na lebo, tafuta jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu (ndilo neno la kwanza la jina la kibotania), ihakiki, kisha ishia hapo. Jenasi mara nyingi inatosha kukuambia mmea unataka maji kiasi gani, mwanga kiasi gani, na kama utachanua kwenye hali ya hewa yetu. Kinachofuata baada ya jenasi hakisomeki kwa macho, na sababu yake ni nzito kidogo.

Karibu okidi zote za dukani ni chotara wa vizazi vingi. Daftari la dunia la chotara hao linatunzwa na Royal Horticultural Society ya Uingereza, na lina majina zaidi ya 100,000. Jina linaloandikwa humo ni la uzazi: mama huyu kwa baba yule. Halielezi sura. Tunda moja la okidi lina maelfu ya mbegu laini kama vumbi, na ndugu wa tunda moja hutofautiana kwa ukubwa, rangi na madoa. Upande wa pili, chotara wasiohusiana kabisa wanaweza kufanana kama mapacha, hasa weupe. Phalaenopsis Sogo Yukidian 'V3', ile nyeupe yenye maua makubwa, imezalishwa maabara kwa wingi na kuuzwa nchi nyingi, lakini nyeupe kubwa zinazofanana nayo ni nyingi mno. Huwezi kumtazama abiria stendi ya Nyegezi ukamtajia jina la babu yake. Ndivyo ilivyo kwa okidi nyeupe. Na hiyo amabilis ya kwenye simu ni mmea wa porini wa Asia ya Kusini-Mashariki. Uliyonayo mkononi ni kitukuu chake wa mbali, aliyechanganyika na wengine wengi.

Kabla ya kuutazama mmea wenyewe, geuza chungu. Okidi iliyopitia Ulaya wakati mwingine bado ina stika ndogo chini ya kopo au kwenye nailoni iliyofungia maua, yenye mistari ya A, B, C na D. Mstari wa A ni jina la kibotania, D ni nchi ulikotoka. Mara nyingi A itasema "Phalaenopsis" tu. Hiyo tayari ni jenasi, na haina kubahatisha. Ipige picha kabla haijalowa.

Kama hakuna stika, soma mwili. Watu wengi huanzia kwenye ua, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu jenasi tofauti zina maua yanayofanana. Okidi nyingine hata huuzwa kwa jina la "dendrobiamu falenopsisi" kwa sababu hiyo hiyo. Shina halidanganyi hivyo.

Phalaenopsis ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi. Haina vivimbe vya shina, yaani sehemu zilizotuna ambamo okidi nyingine huhifadhi maji na chakula. Majani yake ni mapana, manene, yamepangwa kushoto na kulia kutoka kwenye shingo moja fupi, na kikonyo cha maua hutoka kwenye kwapa la jani. Mizizi ni minene kama penseli, imevikwa ngozi ya rangi ya fedha. Ukiinyunyizia maji inageuka kijani muda huo huo. Ukiona kitu kipya kinachomoza pembeni, angalia ncha: ya mzizi ni ya mviringo na inang'aa, ya kikonyo ni bapa yenye vikunjo, kama mkono uliofumbwa nusu. Watu wengi wamekata kikonyo wakidhani ni mzizi uliopotea njia.

Phalaenopsis ikishahakikiwa, chomoa kopo la ndani taratibu na utazame chini ya shingo. Mara nyingi kuna donge la sfagnamu, ile nyuzinyuzi laini inayofyonza maji kama sponji, ukubwa wa yai la kuku, lililobaki tangu mche ulipokuwa mdogo. Maganda ya miti yaliyo pembeni yanakauka, donge linabaki limelowa wiki nzima, na kuoza kunaanzia hapo katikati ambapo hupaoni. Litoe kwa kibanio maua yakishaisha. Panda upya kwenye maganda ya msonobari au vipande vya mkaa vya sentimita 2 hivi. Udongo wa shamba usiutumie, uwe mweusi wa mbuga au mchanga wa luseni. Mizizi hii porini hushika magome ya miti na inahitaji hewa. Kumwagilia ni kudumbukiza chungu dakika 10, kukichuja kabisa, na kurudia mizizi ikirudi rangi ya fedha, yaani kila siku 5 hadi 7 wakati wa kiangazi. Maji ya ziwa ni laini, hayana chokaa nyingi, na hilo ni bahati yetu. Wenye kutegemea kisima kirefu wakinge ya mvua.

Dendrobium ina mashina marefu yenye pingili, mfano wa miwa midogo. Hapa angalia maua yanakotoka. Yakitoka kwenye kikonyo kirefu karibu na ncha ya muwa, ni aina ya joto, na Mwanza itaipenda. Yakitoka mawili matatu kwenye kila pingili, kutoka juu hadi chini, ni ya kundi la nobile, linalotaka miezi ya ubaridi na ukame kabla ya kuchanua. Muwa mzee uliopukutisha majani usiukate. Unaweza kutoa maua tena, na ndio ghala la chakula la mmea.

Oncidium ina vivimbe bapa vilivyobanana, na kikonyo kinatoka chini ya kivimbe. Cattleya ina kivimbe kirefu chenye jani moja au mawili magumu kama ngozi, na ua linatoka juu kabisa, mara nyingi ndani ya ala. Vanda ni mikanda ya majani na mizizi inayoning'inia hewani. Paphiopedilum unaijua kwa mdomo wa ua uliogeuka kuwa kifuko.

Cymbidium inahitaji neno zaidi, kwa sababu inaumiza watu. Majani yake ni marefu kama nyasi, vivimbe vyake ni vya mviringo, na inapouzwa ikiwa na maua ni nzuri kupita kiasi. Chotara wake wakubwa wanataka usiku wa nyuzi 10 hadi 14 kwa wiki kadhaa ndipo watoe vikonyo. Huku ziwani usiku wa namna hiyo haupatikani, kwa hiyo mwenye nayo anapata majani mwaka hadi mwaka na kujilaumu kwamba hana mkono wa maua. Mkono anao. Mmea ndio uko mahali pasipo pake. Lushoto au Njombe ungechanua. Kwa Phalaenopsis ubaridi wa Juni na Julai unatosha, na vikonyo huanza kutokeza baada ya hapo.

Ukishajua jenasi, sasa njoo kwenye ua ili uhakiki. Ua la okidi si geni kwa watu wa ukanda huu: vanila inayolimwa Kagera ni okidi. Mkulima anayechavusha asubuhi huchana mdomo wa ua kwa njiti, ananyanyua kijiwambo chembamba kinachotenganisha chavua na sehemu ya kike, kisha anabana kwa kidole gumba mpaka viguse. Mbinu hiyo ilianzishwa na Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841. Umbo lile lile limo kwenye okidi yako ya sebuleni: sepali tatu (vipande vya nje vya ua), petali mbili (vya ndani), petali ya tatu iliyogeuka kuwa mdomo, na katikati nguzo moja iliyounganisha sehemu ya kiume na ya kike. Kwenye Phalaenopsis nyeupe kubwa, ncha ya mdomo kwa kawaida ina masharubu mawili yaliyojikunja. Chavua iko chini ya kikofia cheupe mwishoni mwa nguzo, vidonge viwili vya njano. Usikiguse kikofia hicho; ua likinyang'anywa chavua hunyauka ndani ya siku chache.

Pima kwa rula upana wa ua na urefu wa jani, hesabu maua, nusa asubuhi. Piga picha siku hiyo hiyo uliyonunua, kivulini, rula ikionekana: ua kwa mbele, kwa ubavu, mdomo kwa karibu, kisha mmea mzima hadi mizizi. Usingoje, maana duka likiwa limeiweka karibu na ndizi zinazoiva, gesi ya ethilini imeshaanza kazi, na matumba yanaweza kugeuka njano na kudondoka yote kabla ya Jumapili.

Ukiona Phalaenopsis ya bluu kali kama wino, tazama kikonyo kuanzia chini. Utakuta kitobo kilichozibwa kwa nta au kitu kama gundi. Ni rangi iliyopigwa sindano, na maua yajayo yatakuwa meupe. Kumuuzia mtu mmea huo bila kumwambia ni kumdhulumu.

Mmea ulioshikilia gome la mti wa porini, wenye miwa mirefu ya njano na mizizi myeupe inayosimama juu kama miiba, huenda ni Ansellia africana, okidi yetu wenyewe yenye maua ya njano na madoa ya kahawia. Spishi zote za okidi zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini. Iliyong'olewa msituni isinunuliwe.

Kwa wauzaji nina ombi moja. Shehena ya mimea inayoingia nchini kihalali husafiri na hati ya afya ya mimea, na hati hiyo ina nafasi ya jina la kibotania. Jina lilikuwepo, limepotelea kati ya mpakani na rafu. Nakilini neno moja tu, jenasi, kwenye kila chungu.

Na mnunuzi akate kipande cha kopo la mtindi, sentimita 2 kwa 10, aandike kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu ya maka hufifia juani: "Phalaenopsis, chotara, jina halijulikani. Nyeupe, sm 11. Mwanza, Machi 2025." Aandike viwili. Kimoja akichomeke juu, cha pili akifukie kabisa kwenye maganda, kwa kuwa cha juu watoto hukichomoa.