Raha ya baiskeli ni sababu tosha

Wanaotuhimiza tupande baiskeli karibu kila mara huanza na faida. Moyo utapata nguvu, mfuko utapumua, hewa ya mji itakuwa safi. Yote ni kweli na siyapingi. Lakini sijaona mtu akiamka asubuhi, akayatazama mawingu, kisha akaitoa baiskeli nje kwa ajili ya hewa ya mji. Anaitoa kwa sababu anaipenda safari yenyewe. Raha ndiyo inayomrudisha kwenye kiti kesho na keshokutwa, na inanisikitisha kwamba ndiyo inayotajwa mwisho, kana kwamba ni aibu mtu mzima kuifurahia njia ya kwendea kazini.

Nianze na mwendo. Mtu anayetembea kwa miguu huenda kama kilomita 5 kwa saa. Akipanda baiskeli, bila kuhema, mtu huyohuyo huenda kilomita 15, na barabara ikiwa tambarare hata 20. Juu ya hayo, nguvu anayotumia kwa kila kilomita hupungua hadi kama moja ya tano ya ile ya kutembea. Mtembeaji huubeba uzito wake mwenyewe na kuuinua kidogo katika kila hatua, ilhali mpanda baiskeli amekwisha kuukabidhi uzito huo kwa kiti na magurudumu, na miguu imebakiwa na kazi ya kuzungusha tu. Mnyororo ukiwa safi na wenye mafuta, karibu nguvu yote ya mguu hufika kwenye gurudumu la nyuma. Hayo huyahisi mwilini ndani ya dakika ya kwanza: unakanyaga mara chache, unaacha, na baiskeli inaendelea kuteleza yenyewe huku umekaa.

Na mwendo huo unamfaa binadamu. Unatosha kukufikisha mbali, lakini haukunyimi ulichokipita. Unasikia maongezi ya watu kando ya njia, unanusa udongo uliolowa kabla hujaiona mvua yenyewe, unajua ni mti gani umeanza kutoa maua wiki hii. Ukimwona mtu unayemfahamu, unashusha mguu mmoja chini na mnasalimiana kama watu, mnaulizana habari za nyumbani, halafu unaendelea. Aliye ndani ya gari hupunga mkono na kupita. Aliye ndani ya basi hana hata uamuzi huo. Naithamini sana hali hii ya kusimama popote unapotaka. Njia ya kila siku inageuka kuwa mahali unapopajua kwa undani, na wewe unakuwa mtu anayejulikana hapo.

Kona nazo zina utamu wake. Huizungushi baiskeli kwa usukani peke yake: unauinamisha mwili kidogo, nayo inafuata. Baiskeli ikianza kulala upande mmoja, gurudumu la mbele hugeuka kuelekea upande huohuo na kuirudisha wima; ndiyo maana hata baiskeli isiyo na mtu, ikisukumwa kwa kasi ya kutosha, huenda umbali fulani bila kuanguka. Mwili wako huyafanya masahihisho hayo bila kuyafikiria. Hata leo, baada ya miaka mingi, mteremko wenye kona moja pana baada ya kilima kirefu hunifanya nitabasamu peke yangu barabarani.

Upepo wa mbele haupendwi na yeyote, lakini una dawa. Nguvu ya hewa inayokuzuia hukua haraka kuliko mwendo wako: ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakusukuma nyuma mara nne. Kwa hiyo siku ya upepo, teremsha gia na uende taratibu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoigeuza kila safari kuwa mashindano. Baiskeli ya kwendea kazini na sokoni inataka kiti kizuri, usukani unaokuacha ukae wima uone mbele, madigadi ya kuzuia tope, kengele, taa na keria imara. Itakuwa nzito kidogo. Sijali. Naipenda mara kumi kuliko ile nyepesi inayokulazimu uvae nguo maalumu na ufike na mstari wa tope mgongoni.

Kuna pia raha ya kujua saa yako. Kilomita 5 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni dakika 20, na foleni ya magari haiongezi mengi. Unaweza kumwambia mtu utafika lini na ukafika. Ukifika, huzunguki kutafuta nafasi: pale lilipoegeshwa gari moja pangetosha baiskeli kama kumi. Utulivu huo wa kutokuwa na wasiwasi wa kuchelewa ni sehemu kubwa ya furaha yangu, ingawa siusikii ukizungumzwa.

Kisha kuna chombo chenyewe. Karibu kila kinachofanya kazi kwenye baiskeli kinaonekana kwa macho: pedali inavuta mnyororo, mnyororo unazungusha gurudumu, waya unavuta breki. Pancha ikitokea, unatoa tyubu, unaijaza upepo, unaizamisha kwenye beseni la maji na kutazama mapovu yanatokea wapi. Unaikausha, unaipiga msasa, unapaka gundi, unasubiri, unabandika kiraka. Mtoto anaweza kujifunza. Umbo hili tunalolitumia leo, magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaoendesha la nyuma, lilipata sura yake kwa Mwingereza John Kemp Starley mwaka 1885. Tairi la upepo likafuata mwaka 1888 kwa John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, aliyetaka baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu isimtikise sana. Tangu hapo mengi yameboreshwa, lakini mtu wa wakati ule akiiona baiskeli yangu ataitambua mara moja na kuipanda.

Wa kwanza kuielewa raha hii kama uhuru walikuwa wanawake. Mwaka 1896 Susan B. Anthony, mpigania haki za wanawake wa Marekani, alisema kwamba baiskeli imefanya mengi zaidi kuwakomboa wanawake kuliko kitu kingine chochote duniani. Naamini alikuwa anaona kile ninachokiona kwa kila mtoto anayeachiliwa kwenda peke yake kwa mara ya kwanza: kwenda mahali bila kumsubiri mtu wa kukupeleka.

Lakini raha yote hiyo hufa pale lori linapokupita kwa upana wa mkono. Tuseme wazi: watu wengi hawaikatai baiskeli kwa uvivu. Wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Hutajwa Uholanzi, ambako baiskeli ni nyingi kuliko watu, kana kwamba wenyeji wake walizaliwa hivyo. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika ajali za barabarani nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi na wananchi wengine waliandamana, wakafunga mitaa, wakadai barabara salama. Msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 ukaongeza uzito wa madai yao. Njia za baiskeli zilizotengwa na magari zilijengwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Raha wanayoipata leo ilidaiwa kwanza, ikajengwa baadaye. Ndiyo maana nataka wapangaji wa miji waiweke raha kwenye hesabu zao, pamoja na dakika na gharama, na waulize kuhusu kila barabara mpya: je, mtoto wa miaka kumi na bibi yake wanaweza kupita hapa kwa baiskeli wakiwa wanazungumza?

Na kama unayo baiskeli iliyosimama ukutani siku nyingi, huhitaji kusubiri mji mzima ubadilike. Jaza tairi upepo mpaka zikaze. Futa mnyororo kwa kitambaa, tia mafuta, futa yaliyozidi. Jaribu breki zote mbili. Kaa kwenye kiti na uweke kisigino juu ya pedali: pedali ikiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Kama goti limekunjwa, pandisha kiti, kwa sababu kiti kilichoshuka mno ndicho huwafanya wengi wadhani hawana nguvu za kuendesha. Kisha chagua safari moja fupi unayoifanya kila wiki, tafuta mitaa ya nyuma yenye magari machache hata kama inazunguka kidogo, na uende saa ambayo huna haraka.