Kule nitakaa na nani?

Matokeo ya kidato cha pili yametoka, binti wa kaka yangu ana B ya Fizikia. B! Nikamtumia elfu kumi ya pongezi. Shule zimefunguliwa, kidato cha tatu wanachagua sayansi au arts, wiki haijaisha, ananipigia.

"Shikamoo shangazi. Mimi nimeenda arts."

"Marahaba. Ticha kakuonea?"

"Hapana. Akina Mwajuma wote wameenda arts. Kule nitakaa na nani?"

Serikali imejenga shule za sayansi za wasichana, moja kila mkoa. Safi. Kuna Samia Scholarship, ufadhili wa chuo kikuu kwa vipanga wa sayansi wa kidato cha sita. Safi pia. Ila hayo yote yanamkuta mtoto kishaamua zamani, tena kaamulia kwenye foleni ya mihogo ya saa nne, shoga zake wakiwa pembeni na chachandu mkononi.

Haya, walimu wa Fizikia ni wa kutafuta kwa tochi, nakubali. Lakini wa kwake yupo, na hiyo B kaipata kwake.

Na wavulana msicheke. Darasa hilohilo kuna kijana ana D ya kubahatisha, kang'ang'ania sayansi kwa sababu kijiwe chake kimeshatangaza kuwa arts ni ya mademu. Mmoja anakimbia B yake, mwenzake anakumbatia D yake, halafu sisi wakubwa tunasema mtoto kachagua mwenyewe. Kachagua wapi!

Mimi sikubaki sayansi kwa akili. Nilibaki kwa sababu ya shoga yangu wa dawati. Siku ya praktiko wavulana walishika pipeti, ule mrija wa kuvutia na kupimia kimiminika, sisi tukaachiwa kalamu tuandike namba. Shoga yangu akampokonya mmoja, akavuta kwa mdomo kama anakunywa soda, sodiamu haidroksaidi ikamfika ulimini. Akatema, akasukutua, akacheka: "Inateleza kama sabuni! Haya, na wewe." (Wanangu, msijaribu.) Nikavuta. Asidi ikashuka kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye koki, tone kwa tone, tumebana pumzi, mara ile njano ya kwenye chupa ikageuka pinki. Tulipiga kelele mpaka mwalimu akatutoa nje.

Jana nimempigia tena yule binti. Nikamuuliza, hao shoga zako, Fizikia walipata ngapi?

"Mwajuma alipata A."

Nimeomba namba ya mama yake Mwajuma.