Mlipa kodi anasingiziwa

Aprili 2022, Tedros Adhanom Ghebreyesus, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alisema hajui kama dunia inayajali maisha ya weusi na ya weupe kwa usawa. Misaada ilikuwa ikimiminika Ukraine, huku Tigray, jimbo la Ethiopia lenye asili yake, malori ya chakula yakiingia kwa kudonoa. Tangu hapo wengi wamekata shauri kwamba mwananchi wa nchi tajiri ndiye mbaguzi.

Ubaguzi upo, sibishi. Lakini fedha nyingi zinazofika WFP, Shirika la Chakula Duniani la Umoja wa Mataifa, huja zimeshapangiwa nchi na serikali iliyozitoa, na shirika haliwezi kuzihamishia penye njaa kali zaidi. Ukiziuliza serikali hizo, husingizia wapiga kura: wamechoka, wanataka fedha zibaki nyumbani.

Wamechoka na nini hasa? Mwaka 2010 Wamarekani waliulizwa misaada ya nje inakula kiasi gani cha bajeti ya serikali yao. Jibu la katikati lilikuwa asilimia 25. Je, ingefaa iwe ngapi? Asilimia 10. Kiwango halisi hakikufika hata asilimia 1. Yaani huyu tunayemwita bahili, ukimkabidhi mkasi apunguze, angebakiza mara kumi ya kinachotolewa. Anachokasirikia ni mzigo ambao hajawahi kuubeba, na wanasiasa wanaojua hivyo hawana haraka ya kumsahihisha.

Si kwamba umma hauna lawama kabisa. Huruma yake hufuata kamera. Oktoba 1984 picha za njaa alizopiga Mkenya Mohamed Amin huko Korem, Ethiopia, zilifungua pochi za watu ambao siku moja kabla hawakuwa na habari. Agosti 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Zamzam, Darfur, Sudan, mahali ambapo mwandishi wa habari hakufika kirahisi, na dunia ikaendelea na shughuli zake.

Lakini kutojua si kukataa. Mwaka 2023 mgao wa chakula wa Warohingya, wakimbizi kutoka Myanmar walioko Cox's Bazar, Bangladesh, ulishushwa kutoka dola 12 kwa mtu kwa mwezi hadi 10, kisha 8. Gawanya kwa milo 90: hata senti 9 kwa mlo hazifiki. Ni mpiga kura gani aliyeulizwa kama hizo nazo ni nyingi mno?