Watoto wanaodumaa kwenye mikoa ya mahindi

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri. Iringa ilifika asilimia 57 hivi. Njombe na Rukwa karibu nusu. Mikoa hiyo ndiyo inayolisha nchi.

Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba chakula kipo, elimu ndiyo haipo. Yana ukweli. Tumbo la mtoto wa miezi saba ni dogo mno. Uji mwepesi wa mahindi matupu hulijaza kabla hajapata protini, madini ya chuma wala zinki ya kumtosha, na huo ndio umri ambao mwili na ubongo vinakua mbio. Maharage yamo ghalani, mayai yanapelekwa gulioni, parachichi zinapakiwa kwenye malori. Mama akielekezwa vizuri kliniki, ataongeza maziwa au dagaa waliosagwa.

Ila uji huo anaupika nani? Mtoto wa umri huo anatakiwa alishwe mara mbili au tatu kwa siku, mbali na kunyonya. Msimu wa palizi mama anatoka alfajiri na kurudi jioni, mtoto kabaki na dada yake wa miaka minane na uji uliopoa tangu asubuhi. Mama huyo somo la kliniki analikumbuka, muda ndio hana. Na lile yai analouza ndilo linalonunua chumvi na sabuni, kwa sababu fedha za mahindi, katika kaya nyingi, hushikwa na baba. Kumwita mjinga ni kumwonea.

Jaribio kubwa lililofanyika vijijini Zimbabwe, matokeo yakatoka mwaka 2019, liliwapa mama mafunzo ya ulishaji na watoto kirutubisho cha kila siku. Udumavu ulishuka kutoka asilimia 35 hadi 27. Ni nafuu ya kweli, siipuuzi. Lakini zaidi ya robo ya watoto walidumaa hata baada ya somo na chakula kufika mlangoni.

Halmashauri zetu zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ningeanza kwa kumlipa mama mmoja kila kitongoji awapikie na kuwalisha watoto wakati wenzake wako shambani, na semina inayofuata ningewaita akina baba.