Mwarobaini kwa kupe, sindano kwa ndigana

Hapa Konde, Pemba, bibi yangu hutwanga majani ya mwarobaini kinuni, akayachuja kwa kitambaa, kisha akampaka ng'ombe masikioni na chini ya mkia, kupe wanakopenda kujificha. Wapo wanaomwambia aachane na majani, anunue dawa ya kuogeshea. Kwa kupe, mimi niko upande wa bibi. Mwarobaini una azadiraktini, inayovuruga ukuaji wa wadudu, na kupe nao huathirika. Dawa ya dukani ni kali zaidi, lakini mtu akiizidisha maji ili imfikishe mwisho wa mwezi, anawazoesha kupe sumu. Udhaifu wa majani ni kwamba mvua ya masika huyaosha siku hiyo hiyo, na nguvu yake haipimiki: mbegu hushinda majani.

Kinachoniuma ni pale mitishamba inapopewa kazi isiyo yake. Mwaka jana mtamba wetu alivimba tezi chini ya sikio, akashikwa na homa. Tukamnywesha shubiri siku nne. Siku ya tano daktari wa mifugo alipofika, povu lilikuwa likimtoka puani. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe hao hao, na dawa yake, buparvakwoni, inataka kuwahiwa. Shubiri haikumuua. Zilimuua zile siku nne.

Kwa kuku ni vigumu zaidi kubishana, maana kila nyumba ina kopo la maji ya shubiri. Kideri kikipita, waliobaki husemwa wameponywa nayo. Lakini kideri ni cha virusi, hakina tiba, iwe ya majani au ya dukani. Kinga yake ni chanjo, tone moja la jichoni linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu, na ipo inayostahimili joto, hivyo hata sisi tusio na friji tunaifikia. Shubiri ikiwekwa pembeni ya chanjo, sina neno. Ikiwekwa badala yake, banda litabaki tupu.

Bibi hajaacha kinu. Ila sasa, akishampaka ng'ombe, vidole vyake hushuka taratibu chini ya kila sikio, akitafuta uvimbe. Akiupata, hamalizi hata kunawa mikono: "Mwanangu, mpigie daktari sasa hivi."